Nyotamkia na nova: tuanze kukesha na anga la Ziwa Victoria (uzi maalumu kwa watu wa Mwanza na mwambao)

#1 Jicho la Ziwa (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Nafungua uzi huu kwa wapenda anga wote mlioko Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Musoma, Bukoba na popote ziwa linapoonekana. Hoja yangu ni moja. Nyotamkia (kometi) mpya na nova (nyota zinazolipuka na kung'aa ghafla) bado zinagunduliwa na watu wa kawaida wenye vifaa vya kawaida, na sisi wa ukanda huu tuna nafasi ambayo hatujaitumia.

Tuanzie Afrika, maana wengi wanadhani mambo haya ni ya Wazungu na Wajapani tu. Ile nyotamkia kubwa ya Januari 1910, iliyong'aa kuliko Zuhura, watu wa kwanza kuiona walikuwa wachimba almasi wa Transvaal, Afrika Kusini, alfajiri. Hawakuwa na darubini. Walikuwa macho wakati wengine wamelala, basi. Mwaka 1925 nova ya RR Pictoris iligunduliwa na R. Watson, mfanyakazi wa telegrafu huko huko Afrika Kusini. Desemba 1969 Jack Bennett wa Pretoria, mtu aliyefanya haya kwa mapenzi yake, akapata nyotamkia ambayo miezi michache baadaye ilitazamwa na dunia nzima na inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kuna atakayesema hayo ni ya zamani. Agosti 2023, Hideo Nishimura wa Japani alikuwa anapiga picha anga la alfajiri kwa kamera ya Canon na lenzi ya milimita 200. Akaipata nyotamkia C/2023 P1. Mitambo mikubwa ilikuwa haijaiona kwa sababu ilikuwa imejificha kwenye mwanga wa Jua. Mwaka 2019 Gennadiy Borisov, kwa darubini aliyojitengenezea mwenyewe huko Crimea, alipata nyotamkia iliyotoka nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua, ya kwanza ya aina hiyo kujulikana. Na John Seach wa Australia, Desemba 2013, alipata nova V1369 Centauri ambayo ilipanda hadi mag 3.3. Hiyo mtu yeyote aliyesimama Kapri Point kabla ya mapambazuko angeweza kuiona kwa macho yake, ipo jirani kabisa na nyota angavu Beta Centauri. (Kwa wageni: mag ni kipimo cha mwangaza, na namba ikipungua nyota inang'aa zaidi. Macho peke yake mahali penye giza yanafika kama mag 6.)

Sasa kwa nini sisi?

Kwanza, mitambo inayopekua anga kila usiku haipendi maeneo yaliyo karibu na Jua. Inasubiri giza kamili na inaelekezwa juu angani. Nyotamkia nyingi zinang'aa zaidi zikiwa karibu na Jua, yaani chini kabisa, magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko. Kuona pale unahitaji upeo ulio wazi, usio na mlima wala jengo. Ziwa linatupa upeo huo bure. Tena tuko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, Jua letu linazama wima na giza linaingia haraka. Mtu wa Ulaya wakati wa kiangazi chake anasubiri giza mpaka anachoka, sisi saa moja na ushee baada ya machweo anga ni jeusi.

Pili, kwa kuwa tupo hapa katikati, tunaona karibu anga lote. Salibu ya kusini (kundi la nyota lenye umbo la msalaba) ni yetu, na taji la kaskazini, kundi la Corona Borealis, ni letu. Machweo ya Japani yanatutangulia kwa takribani saa saba, ya Chile yanakuja takribani saa saba baada yetu. Katikati hapo kuna watazamaji Ulaya na kuna Afrika Kusini na Namibia, lakini ukanda wa ikweta wa Afrika umebaki karibu mtupu. Nova inaweza kulipuka wakati wowote ndani ya saa hizo.

Tatu ni watu. Hapa ziwani kuna maelfu ya watu wanaokesha kila usiku wa giza wakivua dagaa. Sijui mji mwingine wenye hazina ya namna hiyo.

Naomba tuchangie kwa umakini. Nitajibu maswali kadiri ninavyojua.

#2 Binti Nyamagana

Asante mkuu, nimeusoma wote. Swali langu: si NASA na hao wengine wana mitambo inayoona kila kitu sasa hivi? Mimi na simu yangu nitawahi nini?

#3 Jicho la Ziwa

Dada yangu, swali zuri na ndilo linalowakatisha watu tamaa. Ni kweli mitambo imechukua sehemu kubwa. ATLAS, mradi wa kupekua anga, ina darubini Hawaii, Chile na Afrika Kusini, na ile nyotamkia ya Oktoba 2024, C/2023 A3, ina jina lake pamoja na la kituo cha Zijinshan cha China kwa sababu wote waliipata mapema 2023. C/2024 G3 ya Januari 2025 nayo ni ya ATLAS. Hilo halina ubishi.

Ila mitambo ina mipaka yake. Karibu na Jua nimeshaeleza. Kwa upande wa nova, darubini kubwa imetengenezwa kuona vitu hafifu sana. Nyota ikiwa angavu mno inaifurika kamera, na picha ya pale haisomeki vizuri. Nova angavu ndizo zinazomfaa mwenye lenzi ndogo. Juni 2025 nova mbili zilionekana kwa macho karibu wakati mmoja, V462 Lupi na V572 Velorum, zote anga la kusini. Mwezi huo kwetu ni kiangazi na mawingu ni machache.

Halafu kuna njia isiyohitaji hata kutoka nje. Chombo cha SOHO kilichorushwa Desemba 1995 kimelitazama Jua kwa miaka mingi, na picha zake zimewekwa wazi kwenye intaneti. Watu wa kawaida wamezichambua, mpaka Machi 2024 nyotamkia zilizopatikana humo zilifika 5,000. Nyingi ni vipande vya familia ya Kreutz (mabaki ya nyotamkia moja kubwa iliyovunjika zamani) vinavyopita karibu kabisa na Jua na kuyeyuka. Zinapewa jina la SOHO, si la aliyeziona, lakini ugunduzi unaandikwa kwa jina lako katika kumbukumbu za mradi. Hiyo ndiyo kazi ya kufanya Machi hadi Mei, masika inapofunga anga. Unahitaji bando na subira. Kwa simu ni taabu, tafuta kompyuta yenye kioo kizuri.

#4 Mwalo Igombe

Mimi ni mtu wa dagaa, naandika kutoka mwaloni. Nathibitisha hilo la kukesha. Sisi tunaingia ziwani wakati hakuna mwezi, mbalamwezi ikikolea tunapumzika maana dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo usiku wetu wa kazi ndio usiku wenu wa nyota.

Ile ya 2024 tuliiona kabla haijawa habari mitandaoni. Alfajiri, mwishoni mwa Septemba, tunakokota nyavu kurudi, ikawa imesimama mashariki na mkia umeelekea juu. Vijana wakabishana, mmoja anasema ni ndege, mwingine anasema ni roketi. Hatukujua pa kupeleka habari.

Maswali mawili. Moja, taa zetu za sola zinatuumiza macho, ukitoka kwenye taa huoni kitu. Tufanyeje? La pili, nitajuaje hiki ni nyotamkia na hiki ni setilaiti? Siku hizi setilaiti zimejaa.

#5 Jicho la Ziwa

Kaka, umeniandikia jambo ambalo nimelingoja sana. Mliona kitu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Hapo ndipo pa kuparekebisha.

Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 bila mwanga ndipo yafunguke sawasawa. Kwenye mtumbwi wenye taa hilo ni gumu, kwa hiyo sitaki uzime taa ya kazi. Tumia ule muda wa kurudi, taa zikiwa zimezimwa, na simu mfukoni. Ukitaka kuona kitu hafifu usikikazie macho, tazama pembeni yake kidogo. Sehemu ya jicho inayoona gizani haipo katikati.

Kuhusu setilaiti: kinachovuka anga kwa dakika chache ni setilaiti au ndege. Kinachochora mstari na kupotea kwa sekunde ni kimondo. Nyotamkia haikimbii. Ukiitazama saa kumi na ukaitazama tena saa kumi na moja itakuwa pale pale kati ya nyota zile zile, inapanda nazo. Kuhama kwake utakuona ukilinganisha kesho yake, au ukitumia darubini ndani ya saa moja mbili. Ina ukungu, haina ncha kali. Mkia unaweza usiwepo kabisa, na zinapogunduliwa nyingi huwa doa tu la ukungu. Watu wanatafuta mkia, wanaipita nyotamkia yenyewe.

Jambo moja la usalama, nalisema kwa herufi kubwa: USIELEKEZE DARUBINI UPANDE WA MASHARIKI JUA LINAPOKARIBIA KUTOKA. Acha kabisa anga likishaanza kuwa jekundu. Jua ndani ya darubini linapofua jicho mara moja.

#6 Mwl. wa Fizikia, Sengerema

Uzi mzuri. Nina wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaouliza nova ni nini hasa. Vitabu vinapita juu juu. Naomba maelezo ambayo naweza kuyapeleka darasani.

#7 Jicho la Ziwa

Mwalimu, shikamoo. Chukua hivi.

Nova inahitaji nyota mbili zinazozungukana kwa karibu. Moja ni kibete cheupe, kiini cha nyota iliyokwisha kuzeeka: uzito wake unakaribia wa Jua lakini ukubwa wake ni kama wa Dunia. Kwa hiyo mvutano wake ni mkali ajabu. Kibete hicho kinanyonya hidrojeni kutoka kwa mwenzake. Gesi inarundikana juu ya uso wake, inabanwa, inapata joto, na siku ikifika kiwango chake hidrojeni yote ya juu inawaka kwa mmenyuko wa nyuklia kwa mkupuo. Nyota iliyokuwa haionekani inapanda maelfu ya mara kwa mwangaza ndani ya siku chache au hata saa. Ganda linarushwa nje. Kibete chenyewe kinabaki, na kinaanza kukusanya upya. Hapo ndipo inapotofautiana na supanova, ambako nyota inavunjika moja kwa moja.

Kwa kuwa inakusanya upya, kuna nova zinazorudi ndani ya umri wa binadamu. RS Ophiuchi ililipuka 1985, 2006, na tena Agosti 2021. Ile ya 2021 iliwahiwa na Keith Geary, mtazamaji wa kujitolea wa Ireland. Na hapa wanafunzi wako wasikilize: darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia ziligeuzwa kuielekea na zikapokea miali ya gama yenye nishati kubwa sana kutoka kwenye mlipuko ule. Mtu mmoja anatazama anga, anapiga yowe, mtambo wa Afrika unapata sayansi mpya. Kwangu hakuna mfano unaoeleza vizuri zaidi umuhimu wa kuwahi.

Inayosubiriwa sasa ni T Coronae Borealis. Ililipuka 1866 na 1946, na wanaastronomia wamekuwa wakiitarajia tangu 2024. Kawaida ni mag 10, huioni bila darubini. Ikilipuka inatarajiwa kufika mag 2, sawa na nyota kubwa ya kundi lile, Alphecca, na itaonekana kwa macho kwa siku chache tu. Iko umbali wa miaka nuru 3,000 hivi. Ya 1866 John Birmingham wa Ireland aliiona kwa macho tu, maana alilijua kundi lile, akashangaa kukuta nyota ya ziada. Zoezi la darasa ni hilo: Juni na Julai, saa tatu au saa nne usiku, tazama kaskazini, juu kama nyuzi 60, katikati ya nyota angavu Simaki (Arcturus) na Vega. Kuna nusu duara ya nyota. Wanafunzi waichore. Wakiichora mara nyingi, siku ikiongezeka moja wataiona hata bila kuhesabu.

#8 Mwl. wa Fizikia, Sengerema

Marahaba. Nimenakili yote. Hiyo ya kuchora nitaanza nayo klabu ya sayansi muhula ujao.

#9 Fundi Kamera Kirumba

Naongezea upande wa vifaa maana ndio kazi yangu. Msikimbilie darubini kubwa. Kamera iliyotumika ya DSLR (ile ya kubadilisha lenzi) na lenzi ya milimita 50 yenye uwazi mkubwa wa f/1.8, juu ya stendi imara, inatosha kuanza. Acha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 5 au 6, zaidi ya hapo nyota zinaanza kuvutika. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 au 3200. Piga picha nyingi za sehemu ile ile, kisha zipange pamoja kwa programu ya bure kama Siril. Utaona nyota za mag 8 au 9 bila shida. Umande wa ziwani ni adui mkubwa kuliko giza, beba kitambaa kikavu na usifunge kamera kwenye begi ikiwa bado na unyevu.

Kwa macho, binokula ya 10x50 au 7x50. Usichukue zile zinazoandikwa zinakuza mara mia, hazifai.

#10 Jicho la Ziwa

Nakazia kila neno la fundi. Na jambo kuu ni picha ya msingi: kila sehemu ya anga unayoilinda uwe na picha yake ya zamani. Ugunduzi ni kulinganisha. Picha ya jana isipokuwepo, nyota mpya ya leo haina ushahidi.

Sehemu yenye nova nyingi ni kule Njia Nyeupe inaponenepa, kwenye makundi ya nyota ya Akarabu (Scorpius) na Mshale (Sagittarius). Kwetu kuanzia Juni hadi Agosti maeneo hayo yanapita juu sana angani. Hatuna sababu ya kuyaacha.

#11 Binti Nyamagana

Nimeazima kamera ya mjomba nikapiga kusini kutoka Luchelele. Kuna doa la ukungu kubwa kidogo, la mviringo, juu ya Salibu upande wa kushoto. Moyo unanidunda. Ni yenyewe?

#12 Jicho la Ziwa

Hongera kwa kuanza, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla ya kutangaza. Kwa maelezo hayo nadhani ni Omega Centauri, fungu la mamilioni ya nyota. Fungua Stellarium (programu ya bure ya ramani ya anga), weka Mwanza na saa uliyopiga, utalikuta pale pale. Charles Messier wa Ufaransa, mwindaji wa nyotamkia wa karne ya 18, alitengeneza orodha yake mashuhuri kwa sababu hiyo hiyo: vitu vya ukungu visivyohama, ili visimchanganye tena.

Ukaguzi kamili uko hivi. Kwanza Stellarium, uondoe sayari na mafungu yanayojulikana. Pili, picha nyingine ukiwa umeisogeza kamera kidogo. Taa kali ya ufukweni inatengeneza doa la kijani ndani ya lenzi, nalo linahama ukihamisha kamera. Kitu cha angani kinabaki na nyota zake. Tatu, kama ni nukta kali, ipitishe kwenye orodha ya nyota zinazobadilika ya AAVSO (chama cha watazamaji wa nyota hizo) na kwenye kikaguzi cha asteroidi cha Minor Planet Center (kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za asteroidi na nyotamkia). Nne, piga tena: kwa darubini baada ya saa moja mbili, kwa lenzi ndogo kesho yake. Kimehama? Kaa kwenye wazo la nyotamkia. Hakijahama na jana hakikuwepo? Kaa kwenye wazo la nova.

Vikipita vyote, taarifa inakwenda kwa Central Bureau for Astronomical Telegrams, ofisi ya kimataifa inayopokea taarifa za ugunduzi. Wanataka saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa (toa saa tatu kwenye saa yetu), mahali kilipo angani, mwangaza, kifaa, na picha ya zamani inayoonyesha hapakuwa na kitu. Nyotamkia hupewa jina la aliyeigundua, nova haipewi.

Na usikate tamaa. Don Machholz wa Marekani alitafuta zaidi ya saa 1,700 kabla ya kuipata ya kwanza mwaka 1978. Alifikisha 12, ya mwisho Novemba 2018.

#13 Mzee wa Musoma

Vijana, mimi nilimwona Halley mwaka 1986, hafifu. Hale-Bopp ya 1997 ilinipendeza zaidi. Halley atarudi 2061, mimi sitakuwepo, wajukuu watakuwepo. Ushauri wangu ni mmoja: mkienda ufukweni usiku mjihadhari na viboko, wanapanda kula majani. Msikae kwenye njia zao. Na mtoe taarifa kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na kwa mtendaji, watu wenye mitambo gizani huzua maswali.

#14 Jicho la Ziwa

Shikamoo mzee. Ushauri umepokelewa, nitauweka juu kabisa ya uzi.

#15 Kagera Alfajiri

Bukoba tupo. Kwetu ziwa liko mashariki, Jua linachomoza kutoka majini. Naona Mwanza na Musoma mmeipata jioni, sisi tumeipata alfajiri. Tugawane?

#16 Jicho la Ziwa

Ndivyo hasa. Musoma wana ziwa magharibi, washike jioni pamoja na Ukerewe ya magharibi. Bukoba mshike alfajiri, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Mwanza mjini taa ni nyingi, sisi tushike Akarabu na Mshale zikiwa juu, kutoka Igombe na Kayenze. Mwalimu na klabu yake washike Corona Borealis. Mwalo Igombe, wewe na vijana mkiona kitu piga simu kwanza, picha baadaye.

Tuanze mwezi ukishapotea. Kila eneo liweke hapa picha yake ya msingi, iandikwe tarehe, saa na lenzi.

#17 Mwalo Igombe

Kesho kutwa tunaingia ziwani. Namba yako nitumie kwa ujumbe wa faragha.

#18 Kagera Alfajiri

Alfajiri nimeichukua. Nina binokula ya 7x50, kamera ninaazima. Nyota za kulinganishia mwangaza nazipata wapi?

#19 Jicho la Ziwa

Tovuti ya AAVSO, sehemu ya chati. Andika jina la nyota, chagua upana mkubwa wa kufaa binokula, itakutolea ramani yenye mag ya kila nyota jirani. Tafuta moja inayong'aa kidogo kuliko yako na moja hafifu kidogo, kadiria katikati. Kwa nyotamkia, legeza fokasi mpaka nyota ziwe na ukubwa sawa na ule ukungu, ndipo ulinganishe. Mawingu yakikuzuia, andika hivyo hivyo kwenye daftari pamoja na saa.